Rimu ni Pambo, Tairi Ndiyo Roho

Wako watu ambao gari la kasi kwao ni sura tu. Wakipata fedha za kulipeleka gari lao kwenye uwanja wa mbio, la kwanza kununua ni rimu, tena kubwa, pana, za kung'ara. Tairi huja baadaye, kwa fedha zilizosalia. Mimi nasema mambo hapo yamepinduliwa.

Hebu tutazame Nürburgring, huko Ujerumani. Njia hiyo ya mbio ilifunguliwa mwaka 1927 katika milima ya Eifel, na mzunguko wake wa kaskazini una kilomita 20.8. Siku za wazi, mwenye leseni na gari halali la barabarani hulipa ada, akaingia. Mvua huweza kunyesha upande mmoja ilhali upande wa pili ni pakavu. Hapo ung'aaji wa rimu haumfai mtu kitu. Kinachogusa lami ni tairi 4, kila moja kwa kipande cha kadiri ya kiganja.

Kwa hivyo tairi ichaguliwe kwanza. Ziko laini zenye kashata chache: lami ikiwa kavu na yenye joto, hunata kama ulimbo, pakiwa na maji, huelea. Mgeni wa uwanja namnasihi atumie tairi njema ya barabarani. Hiyo hulia kabla ya kuteleza, ikamwonya dereva. Ile laini aghlabu hushika mpaka mwisho, kisha ikaachia ghafula.

Rimu nayo iwe ndogo kadiri breki zitakavyoruhusu. Mazda MX-5 ya kizazi cha 4, gari la tani 1 hivi, yapatikana na tairi 195/50R16. Yaani upana milimita 195, kimo cha ubavu asilimia 50 ya upana huo, na rimu ya inchi 16. Ukiitia rimu ya inchi 18, aghlabu waongeza uzito mahali pabaya, chini ya springi, na gurudumu huwa zito kufuata mabonde ya njia.

Mtu ataniuliza: mbona Porsche 911 GT3 ya sasa ina inchi 20 mbele na 21 nyuma? Naam, breki zake ni kubwa mno, na rimu zake ni za kufuliwa, si za kusubu, hivyo ni nyepesi kwa ukubwa wake. Ukubwa ule una kazi, si urembo.

Fauka ya hayo, tazama umri. Ubavuni mwa tairi mna tarakimu 4: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tarehe 30 Novemba 2013, huko California, Porsche Carrera GT ilipata ajali katika barabara ya kawaida, wakafa watu 2. Wapelelezi walisema sababu ni mwendo wa kasi, wakataja pia kwamba tairi zilikuwa na umri wa miaka 9, jambo ambalo huenda lilipunguza utulivu wa gari. Na Carrera GT ilikuwa ikitoka kiwandani na rimu za magnesiamu iliyofuliwa, za fahari kupita kiasi.

Basi mwenye fedha za kitu kimoja na anunue tairi mpya, apime upepo kabla ya kuingia na kila atokapo, maana joto huupandisha. Rimu zingoje. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.