Kafyu Iliondoka, Kiti Kimebaki

Wazee wetu walisema mazoea yana taabu. Sisi watu wa Bofa na Kilifi kwa jumla tumeyaona hayo kwa macho yetu, na hata leo twayaona.

Kafyu ya korona ilianza tarehe 27 Machi 2020, tangu saa moja ya jioni hata saa kumi na moja ya alfajiri. Misikiti ilikuwa imekwisha kufungwa siku chache kabla. Tarehe 8 Aprili kaunti yetu nayo ikafungwa, asitoke mtu wala asiingie, hata mwezi wa Juni. Ramadhani ya mwaka huo ilitukuta majumbani, na tarawehe tuliisali ukumbini pamoja na wake na watoto. Kwa hilo hatuna lawama. Mtume (S.A.W.) alikwisha kutufunza kuwa nchi yenye tauni isiingiwe, na aliyemo asiikimbie. Sayyidna Umar naye alirejea njiani, asiingie Sham, kwa ajili ya maradhi hayo hayo.

Tunalotaka kulisema leo ni jingine. Tuliingia ndani na ada gani, na tumetoka na ada gani?

Mtu mzima wa hapa kwetu hakuwa na habari ya kitu kiitwacho mazoezi. Yeye alikuwa akienda msikitini tu. Haya na tupige hesabu. Ikiwa msikiti uko mwendo wa dakika 5 kutoka nyumbani, kwenda na kurudi ni dakika 10. Kwa sala tano ni dakika 50 kila siku, na kwa wiki ni dakika 350. Shirika la Afya Ulimwenguni, katika mwongozo wake wa Novemba 2020, lilisema mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za kuushughulisha mwili kwa kadiri, kama vile kutembea kwa kuchangamka. Basi mzee wetu aliyekwenda kwa hima alikuwa akizipita dakika hizo pasi na kujua, na thawabu za hatua zake ziko pale pale.

Zilipokatika hatua hizo, mwili ulipata kazi gani badala yake? Ulipewa kiti. Chai ya sukari ikawa haina wakati, mahamri yakawa karibu na mkono, na usiku ukaliwa na simu mpaka kukaribia alfajiri. Wako waliokuwa na presha au sukari, wakaahirisha kwenda kupimwa kwa kuogopa kuambukizwa huko huko hospitali.

Nina jirani yangu aliyepita umri wa miaka sitini. Misikiti iliporuhusiwa kufunguliwa, masharti ya Julai 2020 yalisema waliozidi miaka 58 wabaki nyumbani. Akatii, naye alikuwa mtu wa safu ya kwanza. Miezi alikaa barazani pake na chupa yake ya chai, akiwaamkia wapitao. Ruhusa ilipomfikia, magoti yalikataa. Siku hizi huenda Ijumaa tu, tena kwa bodaboda, njia ambayo zamani akiimaliza huku anapiga mswaki. Mzee huyu hakupata korona hata siku moja. Kilichomwangusha ni kukaa.

La ajabu ni kwamba yako mema tuliyojifunza wakati ule, na hayo ndiyo tuliyoyatupa. Kila mlango wa duka ulikuwa na ndoo yenye mfereji, na sabuni kando. Leo ndoo nyingi zimekauka, au zimegeuzwa za kufulia. Sisi tunaotawadha mara tano kwa siku ilitupasa tuwe wa mwisho kuiacha sabuni. Tumeliacha lenye nafuu, tumelishika lenye madhara.

Dawa yake haihitaji fedha wala mkutano. Mwenye miguu mizima asipande pikipiki kwenda mahali ambapo adhana yake huisikia kwa masikio yake. Kijana apitapo mlango wa mzee abishe hodi, amshike mkono waende pamoja, hata ikiwa watachukua dakika kumi na tano badala ya tano. Wakichoka na wapumzike njiani, kisha waendelee. Maimamu nao wakumbushe, kwa maana mwili ni amana, na amana huulizwa. Na mwenye presha au sukari aende akapimwe, asingoje mpaka aanguke.

Kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021. Tangu siku hiyo hapana askari njiani baada ya Isha, wala hapana amri inayomzuia mtu kutoka. Basi aliyebaki kitini hata leo, asiseme amefungwa.