Marekani: Meya hana funguo za mpaka, lakini ana funguo za gereza

Familia nyingi za Goma, Bukavu na Uvira zina ndugu waliopelekwa Marekani kama wakimbizi, wengine huko Louisville, katika jimbo la Kentucky. Kila habari ya misako ya ICE, kikosi cha serikali kuu kinachokamata wageni, inaleta swali lile lile: je, meya anaweza kuwakinga?

Huku RDC swali hilo linashangaza. Meya huteuliwa kwa amri ya Rais wa Jamhuri. Akikataa neno la Kinshasa, kiti hakikai. Marekani ni tofauti. Mara nyingi meya anachaguliwa na wakaaji, na polisi wa mji wanalipwa na mji. Mambo ya uhamiaji ni ya serikali kuu, lakini mwaka 1997 Mahakama Kuu iliamua kwamba serikali hiyo haiwezi kuamrisha wafanyakazi wa majimbo na miji wafanye kazi yake. Maana yake ni wazi: meya hawezi kuzuia ICE kuingia mjini. Anaweza tu kukataa kuisaidia.

Mwaka 2025 miji miwili ilijibu kwa njia mbili. Chicago ilikataa kushirikiana. Serikali kuu ilishtaki mji huo pamoja na jimbo la Illinois, na katika mwezi wa saba mwamuzi alitupilia mbali mashtaka hayo. Katika mwezi wa tisa operesheni kubwa ya ICE ikaanza. Tarehe 6 mwezi wa kumi, meya Brandon Johnson alikataza viwanja vya mji kutumiwa kutayarisha misako. Hata hivyo, misako iliendelea.

Huko Louisville, Wizara ya Haki ilikuwa imeweka mji kwenye orodha ya miji inayokinga wageni. Katika mwezi wa saba, meya Craig Greenberg alikubali gereza la mji lifuate tena maombi ya ICE ya saa 48, ili mji utolewe kwenye orodha. Aliogopa misako mikubwa barabarani na kupoteza feza za serikali kuu. Alisema pia kwamba polisi wa mji hawatafanya kazi ya uhamiaji.

Si haki kumwita mwoga. Alipiga hesabu, na ni kweli kwamba Chicago ililipa bei kubwa. Lakini Louisville pia inalipa, na wanaolipa ni wachache wasio na sauti. Mtu akikamatwa na kupelekwa gerezani, hata kwa kosa dogo, alama zake za vidole zinafika kwenye idara za uhamiaji. ICE ikimwomba, aliyepaswa kurudi nyumbani anaweza kutoka mlango wa gereza na kuingia moja kwa moja katika gari lao, hata kama kesi yake haijakatwa.

Woga huo unafika hata kwa wenye karatasi. Katika mwezi wa kumi na moja 2025, idara ya uhamiaji iliamuru wakimbizi waliopokelewa kuanzia tarehe 20 mwezi wa kwanza 2021 hadi tarehe 20 mwezi wa pili 2025 wachunguzwe upya. Wakongomani ni kati ya waliopokelewa kwa wingi wakati huo.

Wakaaji wa mashariki mwa RDC wanajua matokeo. Watu wakiogopa mwenye uniforme, mwizi anaingia usiku na jirani ananyamaza. Mama anapigwa na haendi kushtaki. Mji wa namna hiyo hauna usalama, hata ukijaa polisi. Ndiyo sababu meya anayetenga polisi wake na ICE hafichi wahalifu. Sheria ya Illinois ya mwaka 2017 inaruhusu kumshikilia mtu kwa ajili ya ICE, ikiwa kuna hati ya mwamuzi. Hiyo ndiyo njia iliyo bora: mwamuzi kwanza, mlango baadaye.

Kuna pahali meya hana hata nafasi ya kuchagua. Huko Texas, sheria ya jimbo inakataza miji kukataa kushirikiana na ICE. Lakini hata huko, kiongozi ana deni la kusema ukweli. Asiahidi kinga asiyoweza kutoa. Atangaze ni watu wangapi gereza limekabidhi kwa ICE, na kwa makosa gani.

Wakongomani wa huko nao wasingoje ndugu akamatwe ndipo waulize. Vikao vya halmashauri ya mji viko wazi kwa watu wote. Wachungaji na wakubwa wa jamii waende, waulize swali moja: gereza letu linamkabidhi nani, na kwa karatasi ya nani? Jibu lake lina faida kuliko ahadi kumi za meya.