Ramani ya Wote Ina Kanuni Zake

Ramani huria ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa na Steve Coast nchini Uingereza mwaka 2004, huchorwa na yeyote aliyejisajili. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwakusanya wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakapita mtaa kwa mtaa na wenyeji wakichora nyumba, vichochoro na mitaro kwenye ramani hiyo. Dar es Salaam, jiji lililopigwa na mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu wapatao 40, lina deni kwa vijana hao.

Ila penye wengi pana mengi. Kila kitu kwenye ramani hiyo hubeba lebo, nazo lebo ni za makubaliano, zimejadiliwa na kuandikwa. Jengo lina yake. Mtaro wa zege una yake, wa udongo una yake. Sasa mchoraji wa Chanika, pembezoni mwa jiji hilo, ambako nyumba mpya haziishi kuota, huchora pembe nne za nyumba kwa ustadi wa kusifika, asiweke lebo ya jengo, kisha kwenye nafasi ya jina akaandika “nyumba”. Jirani ataelewa. Programu ya InaSAFE, inayokadiria majengo yatakayofikiwa na maji, huyatambua kwa lebo. Katika hesabu yake nyumba ile haipo, na watoto waliolala ndani hawapo.

Akirekebishwa, hununa: kwani ramani si ya wote? Ni ya wote, na ndiyo maana haiwezi kufuata matakwa ya mmoja. Swala ya jamaa ina imamu, na kwaya ina mwalimu wake. Linux, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991, hupokea michango ya maelfu ya watu, lakini kila sehemu ina msimamizi anayekagua na kukataa. OpenStreetMap nayo ina kamati inayoweza kufuta uharibifu na kumfungia mkaidi. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Asiyesikia la mkuu, huvunjika guu.

Na hayo maelezo ya mabadiliko! Kila anayehifadhi kazi hutakiwa kueleza alichobadilisha. Wengi huacha patupu, au huandika Kiingereza cha kuokoteza ambacho Mwingereza hakielewi na mwenyeji hakielewi, ilhali Kiswahili kinakubalika. “Nimeongeza nyumba na mtaro wa udongo, Chanika, baada ya kupita na mjumbe” yatosha kabisa, na mkaguzi atajua pa kuanzia.