Masizi ya Mtama: Tusilaumu Mvua

Wakulima wengi wa Kitui na Makueni, wakiona vumbi jeusi mahali pa punje za mtama, husema, "Ni shauri la mvua." Mimi nasema ni shauri la mbegu.

Masizi haya huletwa na kuvu. Punje hugeuka vifuko vya kijivu vilivyojaa vumbi jeusi. Tukipura masuke mabovu pamoja na mazima, vifuko hupasuka na vumbi hushika mbegu safi. Mbegu ikiota, kuvu huingia katika mche. Mtama hukua vizuri, nawe hujui neno mpaka suke litoke; hapo hakuna dawa tena.

Basi, masuke mabovu yakateni kabla hayajapasuka, myachome moto. Masuke ya mbegu yachagueni shambani, myapure peke yake. Si kazi kubwa: ekari moja yataka kilo 3 hivi tu. Mwenye kununua dawa ya mbegu na aitumie, lakini mbegu iliyotiwa dawa isiliwe kamwe.

Kumpa jirani mbegu ni desturi yetu njema. Lakini ukimpa yenye masizi, umempa njaa ya mavuno yajayo.