Tusingoje Ukuta Uanguke

Wasafiri wengi wa barabara ya Kericho kwenda Kisumu huipita Kapsoit wakiwaza chai tu. Historia ikitajwa, mawazo hukimbilia Mombasa na Lamu, kana kwamba huku bara hakuna aliyejenga kitu cha kukumbukwa. Fikira hiyo ni ya makosa, na inatugharimu.

Nchi ya chai ina majengo yake ya kale. Yako maduka ya mabati yenye baraza, makanisa na shule za misheni, stesheni kama Kipkelion, iliyoitwa Lumbwa, katika reli iliyofika Kisumu mwaka 1901, na nyumba za mameneja na laini za vibarua wa mashamba ya chai. Mjini Kericho iko Tea Hotel, iliyojengwa na kampuni ya Brooke Bond katika miaka ya 1950. Majengo ya aina hii huchakaa au huvunjwa moja baada ya jingine, na mara nyingi hakuna aliyeandika habari zake.

Wako wasemao: hayo ni ya mkoloni, acha yaanguke. Twauelewa uchungu wao. Ardhi ilitwaliwa kwa nguvu, na mwaka 1934 ukoo wa Talai ulihamishwa kwa sheria iliyotungwa makusudi, ukapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Lakini hiyo ndiyo sababu hasa ya kuyatunza. Mwaka 2022 Wakipsigis na Watalai walipeleka malalamiko yao mbele ya Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Mwenye kudai haki hachomi ushahidi wake. Fort Jesus ilijengwa na Wareno, Waingereza wakaifanya jela, na mwaka 1958 ikatangazwa kuwa ukumbusho wa taifa. Watoto wetu huingia humo kujifunza, wala hakuna asemaye kwamba twawasifu Wareno.

Wala kuhifadhi si kazi ya miji ya pwani peke yake. Thimlich Ohinga, huko Migori, ni kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, tena kijijini kabisa. Mwaka 2018 UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa dunia.

Kazi huanza na mambo madogo. Adui wa kwanza ni maji: paa likivuja, mbao huoza na ukuta wa udongo hulegea. Adui wa pili ni ukarabati wa haraka. Ukuta wa udongo au chokaa hupumua. Ukiupiga plasta ya saruji, unyevu hunaswa ndani, nao huoza huku ukionekana mzima.

Sheria ya Makavazi na Urithi wa Taifa ya 2006 yampa Waziri uwezo wa kutangaza jengo kuwa la kuhifadhiwa, na Katiba ya 2010 imezipa kaunti shughuli za utamaduni. Lakini ofisi haiwezi kulinda isichokijua. Twawasihi wazee, walimu na wenye maduka wa Kapsoit waandike orodha: jengo lipi, lilijengwa lini, nani alifanya kazi humo. Nayo kaunti iwapunguzie kodi wenye majengo, wasibebe mzigo huo peke yao.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, husema wahenga. Na ukuta wa kale ukishaanguka, utakaojengwa mahali pake hautakuwa shahidi wa lolote.