Manowari Ambayo Haikuundwa

Wako watu ambao burudani yao ni kuchora upya vyombo vilivyokwisha kuchorwa na wengine. Huchukua chombo maarufu cha zamani, wakajiuliza kingekuwaje lau msanifu wake angeshika njia nyingine, kisha huketi na rula, penseli na daftari la hesabu. Katika mchezo huo manowari za Ujerumani ya Kaisari za aina ya Nassau, zilizobuniwa katika mwaka 1906 na 1907, hupendwa mno. Sababu yake ni nyepesi: karibu kila azitazamaye leo hudhani kwamba angeweza kuziunda vizuri zaidi.

Wapo wanaouona mchezo huo kuwa upuuzi, tena upuuzi unaotukuza vita. Wapo pia wanaoucheza pasipo kanuni yoyote, kila mmoja akaiundia Ujerumani meli ya ndoto. Makala haya yanashikilia rai ya tatu: kwamba kusanifu manowari ambayo haikuundwa ni darasa jema la uhandisi, almuradi mwenye kulifanya zoezi hilo akubali kufungwa na mambo mawili, yaani hesabu ya uzito na ujuzi wa zama zile. Akilivunja mojawapo, kazi yake si usanifu tena, bali ni hadithi ya Abunuwasi.

Mambo yalivyokuwa

Mwezi Februari 1906 Uingereza iliishusha majini manowari Dreadnought, nayo ikakamilika Desemba mwaka huo huo. Ilikuwa na mizinga mikubwa 10 ya sentimeta 30.5, yote ya kipimo kimoja, na minane kati ya hiyo iliweza kuelekezwa ubavu mmoja kwa pamoja. Badala ya injini za pistoni ilisukumwa na turbini za Parsons, ikafikia mwendo wa maili 21 za baharini kwa saa. Manowari zote zilizotangulia, zikiwamo za Uingereza yenyewe, zikaonekana zimezeeka kwa siku moja.

Wasanifu wa Kijerumani hawakuwa wamelala. Kabla ya hapo walikwisha kuanza kuchora meli ya mizinga mikubwa minane. Mkuku wa Nassau ulilazwa Julai 1907, na meli ikaingia kazini Oktoba 1909. Ndugu zake walikuwa Westfalen, Rheinland na Posen. Kila moja ilibeba mizinga 12 ya sentimeta 28 katika minara sita ya chuma inayozunguka, miwili miwili: mnara mmoja omo, mmoja tezi, na minara miwili katika kila ubavu. Huo ndio mpango wa pembe sita unaolaumiwa hadi leo. Adui akiwa upande mmoja, minara miwili ya upande wa pili hukaa bure, na mizinga 12 huwa sawa na minane.

Hesabu yake ni hii. Kombora la mzinga wa Nassau lilikuwa na uzito wa kilo 302, na la Dreadnought kilo 386 hivi. Kwa hiyo mkupuo mmoja wa ubavu mzima ulikuwa kilo 2,416 kwa Wajerumani na kilo 3,088 kwa Waingereza. Aidha, Nassau iliendeshwa kwa injini za pistoni, na mwendo uliokusudiwa haukufika maili 20.

Daftari la uzito

Anayetaka kuisahihisha Nassau hana budi kuanza na Archimedes. Kila kilichomo melini, tangu mizinga hadi sahani za mabaharia, hulipiwa kwa maji yanayosukumwa na meli hiyo. Nassau ilisukuma karibu tani 19,000. Katika manowari za namna hiyo, mwili wa meli na deraya peke yake huchukua zaidi ya nusu ya uzito wote. Kinachobaki hugawanywa baina ya mizinga, injini, makaa ya mawe, maji na watu.

Basi anayeongeza tani 100 za deraya haongezi tani 100 tu. Meli huzama zaidi, nayo hutaka mwili mkubwa zaidi. Mwili mkubwa hutaka injini zenye nguvu zaidi ili mwendo usipungue. Injini hizo hutaka makaa zaidi. Na vyote hivyo hutaka deraya ndefu zaidi ya kuvifunika. Msanifu anazungushwa katika duara hilo mara kadhaa kabla hesabu haijatulia.

Mwendo nao ni mdai mkali. Kwa makadirio ya kwanza, nguvu inayohitajika hupanda kwa mraba-tatu wa mwendo. Mtu akitaka kuitoa Nassau katika maili 19.5 na kuifikisha maili 23, atahitaji nguvu zaidi kwa asilimia 60 na ushei, na katika meli fupi yenye tumbo pana deni hilo huwa kubwa zaidi. Ndiyo maana meli za ndoto zenye mizinga 12 ya sentimeta 30.5, deraya nene na mwendo wa maili 23, zote ndani ya tani 19,000, haziwezi kuelea ila katika karatasi.

Kwa nini walichora vile

Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mpango wa pembe sita haukutokana na ujinga. Injini za pistoni za wakati ule zilikuwa ndefu kwenda juu na zilimeza nafasi kubwa katikati ya meli, pale ambapo ghala za baruti za minara ya kati zingepaswa kukaa. Minara ikasukumwa kandokando. Njia nyingine, yaani kupandisha mnara mmoja ili upige juu ya mgongo wa mwenzake, iliogopwa kwa sababu mshindo wa mizinga ya juu ungeweza kuwadhuru walengaji waliokuwa katika mnara wa chini.

Tena wasanifu wale waliitazamia Bahari ya Kaskazini, yenye ukungu na mapigano ya karibu ambamo adui angeweza kutokea pande mbili. Kwao minara ya upande wa pili haikuwa mzigo wa bure. Ilikuwa akiba iliyokingwa na meli yenyewe. Katika vita vya Jutland, usiku wa kuamkia tarehe 1 Juni 1916, Nassau iligongana gizani na Spitfire, manowari ndogo ya Kiingereza. Vita vya namna hiyo ndivyo walivyovifikiria walipokuwa wakichora.

Hata hivyo walikosea mahali. Minara mizito iliyokaa mbali na mstari wa kati huipa meli ukaidi wa kuyumba, na ukaidi huo hukua kwa mraba wa umbali. Ilitarajiwa kwamba Nassau ingeyumba polepole na kuwa jukwaa tulivu la kupigia. Kumbe kipindi chake cha kuyumba kilikaribiana na kipindi cha mawimbi mapana ya Bahari ya Kaskazini, na meli ikawa kama mtoto katika bembea anayesukumwa kila anaporudi. Ilibidi baadaye ifungwe mbavu za chuma pembeni, chini ya maji, ili kupunguza yumbo hilo. Hapa mwanafunzi hujifunza kuhusu mitikisiko inayoafikiana zaidi kuliko katika kurasa nyingi za kitabu.

Meli mbadala

Je, palikuwapo njia bora iliyowezekana mwaka 1906? Ilikuwapo, na ushahidi wake unatoka ng'ambo ya Atlantiki. Marekani ilikuwa ikisanifu South Carolina, ambayo mkuku wake ulilazwa Desemba 1906. Bunge lao liliwafunga wasanifu katika tani 16,000. Wakaweka mizinga minane tu, katika minara minne yote kwenye mstari wa kati, miwili omo na miwili tezi, mmoja wa kila jozi ukipiga juu ya mwenzake. Mizinga yote minane iliweza kupiga upande wowote. Tena meli hiyo iliendeshwa kwa injini za pistoni. Hoja kwamba pasipo turbini haikuwezekana kuipanga minara katikati inaanguka hapo.

Kwa hiyo meli mbadala iliyo ya haki ni hii: mizinga minane ya sentimeta 28, minara minne katika mstari wa kati, injini zile zile za pistoni. Mkupuo wa ubavu unabaki kilo 2,416, sawa kabisa na wa Nassau. Minara miwili mizima, mizinga minne, ghala zake na watu wake vinaondoka katika daftari. Uzito huo unaweza kurudishwa katika deraya, au katika urefu wa meli kwa ajili ya mwendo, au usirudishwe kabisa na meli ikawa rahisi.

Kuipandisha minara kuna gharama, lakini inahesabika. Ikichukuliwa kwa mfano kwamba mnara na kitako chake ni tani 400, na kwamba unapandishwa meta 3 katika meli ya tani 18,000, kitovu cha uzito wa meli nzima hupanda kwa sentimeta 7 hivi. Minara miwili, sentimeta 13. Meli yenye upana wa meta 26.9, kama Nassau, ilikuwa na akiba ya uthabiti ya kulilipa deni hilo. Hasara ya kweli iko kwingine: mizinga inayopiga mbele inapungua kutoka sita hadi minne, na akiba ya ubavu wa pili inatoweka. Msanifu mwaminifu huziandika hasara hizo kwa wino ule ule anaoandikia faida.

Je, aweke mizinga ya sentimeta 30.5? Mzinga wa Kijerumani wa kipimo hicho, wenye kombora la kilo 405, ulikuja na meli za Helgoland zilizofuata. Anayeupachika katika meli ya 1907 anaazima kutoka kesho. Na turbini? Hizo zilikwisha jaribiwa katika kruza ndogo Lübeck, na kruza kubwa Von der Tann iliyoanzwa 1908 ilizitumia kwa mafanikio. Lakini manowari za Kijerumani za mstari wa vita zilizipata kuanzia aina ya Kaiser, iliyoanzwa 1909. Hapa mjadala ni halali, kwa kuwa ujuzi ulikuwapo. Kilichozuia kilikuwa bei, uroho wa turbini kwa makaa katika mwendo mdogo, na uamuzi wa wakubwa.

Maji yanayoamua

Jambo moja husahauliwa na karibu kila mchezaji: meli haiishi katika karatasi, huishi katika gudi, malango na mifereji. Mfereji wa Kiel, uliofunguliwa 1895, haukuweza kupitisha meli yenye upana wa Nassau. Ulipanuliwa tangu 1907 hadi Juni 1914. Mtu aweza kujaribu kurudi katika upana wa meta 22.2 wa manowari za Deutschland zilizotangulia, ili mfereji usiguswe. Lakini uthabiti hutegemea mraba-tatu wa upana katika usawa wa maji. Kutoka meta 22.2 hadi 26.9 ni ongezeko la asilimia 78 kwa kila meta ya urefu. Kuubana upana ni kuibana pia nafasi ya kinga dhidi ya topido. Agosti 1916 Westfalen ilipigwa topido na nyambizi ya Kiingereza, na bado ilirudi bandarini. Upana ule ulilipa.

Pwani ya Afrika Mashariki ilishuhudia fundisho hilo hilo. Kruza ya Kijerumani Königsberg, iliyoizamisha Pegasus huko Zanzibar Septemba 1914, ilijificha katika delta ya Rufiji, mahali ambapo manowari kubwa za Kiingereza hazikuweza kuifuata. Iliyommaliza Julai 1915 haikuwa meli yenye nguvu kupita zote, bali ni Severn na Mersey, vyombo vya kina kifupi vilivyoundwa kwa ajili ya mito ya Brazili. Ubora wa chombo haupimwi peke yake. Hupimwa pamoja na maji yake.

Mstari wa mwisho wa daftari

Inabaki hoja ya wale wanaosema kwamba mchezo huu hutukuza vita. Hatari hiyo ipo, na dawa yake ni kuifikisha hesabu mwisho. Manowari moja ya Deutschland iligharimu takriban marki milioni 24. Nassau, takriban milioni 37. Uingereza nayo ilijibu kwa kuunda zaidi, hata katika mpango wa 1909 ikaagiza nane. Huko Jutland manowari 28 za kizazi cha Dreadnought zilikabiliana na 16 za Kijerumani. Meli mbadala iliyoelezwa hapa, hata ikiwa bora kwa kila kipimo, haiifuti tofauti hiyo. Mwaka 1920 Nassau ilikabidhiwa kwa washindi, ikavunjwavunjwa kuwa vyuma chakavu.

Kijana anayelifanya zoezi hili kwa uaminifu atagundua mambo mawili. La kwanza, kwamba minara ingeweza kupangwa vizuri zaidi, na kwamba ushahidi ulikuwapo kwa aliyetaka kuuona. La pili ni zito zaidi: kwamba uhandisi mwema hauokoi shauri baya. Vyuo vya ufundi vinavyofundisha kujibu swali lililotolewa, bila kulihoji lenyewe, hutoa mafundi hodari wa kuunda Nassau iliyo bora. Daftari la msanifu lapaswa kuwa na mstari mmoja wa ziada, chini kabisa, wa kuandika gharama ya chombo pamoja na sababu ya kukihitaji. Mstari huo ukikosa jibu, penseli na iwekwe chini.