Neno la Mhariri: Neno Linalofanana na la Nyumbani

Kusoma katika lugha ya pili kumezoeleka kuelezwa kana kwamba msomaji huiacha lugha ya nyumbani nje ya darasa, akaingia na lugha ya kitabu peke yake, na pale anaposhindwa kuelewa, lawama huangukia ile aliyoiacha nje. Hoja ya toleo hili ni kwamba hakuna msomaji wa namna hiyo, kwa kuwa aliyekulia katika lugha mbili husoma kila ukurasa akiwa nazo zote mbili, zikimsaidia mahali pengi na kumpoteza mahali pachache ambapo walimu na waandishi wa vitabu hawajapatazama vya kutosha.

Ushahidi wa hoja hii unaonekana waziwazi katika nyanda za juu za Kigoma. Kambi ya Mtendeli, iliyokuwa katika eneo lililokuwa sehemu ya Wilaya ya Kibondo kabla ya Kakonko kuwa wilaya mwaka 2012, ilifunguliwa upya mapema mwaka 2016 ili kuwapokea Warundi waliokimbia machafuko yaliyoanza nchini mwao Aprili 2015, na ilipofungwa mwaka 2021 wakazi wake walihamishiwa kambi ya Nduta. Watoto wa kambi hizo walifuata mtaala wa Burundi, ambao huanza kwa Kirundi na baadaye kuhamia Kifaransa, ilhali ng'ambo ya mpaka wa kambi watoto wa Waha, ambao lugha yao, Kiha, inaelewana kwa kiasi kikubwa na Kirundi, walikuwa wakifundishwa kwa Kiswahili tangu darasa la kwanza. Nyarugusu, kambi iliyoanzishwa wilayani Kasulu mwaka 1996, inao pia watoto wa Kikongo wanaosoma kwa Kifaransa na kuzungumza Kibembe au Kiswahili cha Kivu nyumbani. Kwa hiyo mtoto wa eneo hili asiyekuwa na lugha mbili ni nadra kumpata, na mara nyingi Kiswahili ndicho lugha ya maandishi anayokutana nayo kwenye mabango, kwenye matangazo na kwenye karatasi za maelezo ya dawa.

Wataalamu wa saikolojia ya lugha huita hazina ya maneno iliyomo kichwani mwa mtu kamusi ya akilini, na swali lililowashughulisha kwa muda mrefu ni iwapo mwenye lugha mbili ana kamusi mbili zinazofunguliwa kwa zamu. Ton Dijkstra na Walter van Heuven, katika kielelezo walichokikamilisha mwaka 2002, walijibu kwamba kamusi ni moja, na kwamba umbo la maandishi likionekana huamsha maneno ya lugha zote mbili yanayolikaribia, kisha akili huchagua. Mwaka 2007 Guillaume Thierry na Yan Jing Wu, waliopima mawimbi ya ubongo ya Wachina waliokuwa wakisoma maneno ya Kiingereza, walionyesha kwamba tafsiri za Kichina ziliamka bila wasomaji wenyewe kujua. Kama lugha zilizo mbali hivyo huamshana, ni dhahiri kwamba Kirundi na Kiswahili, ndugu wa ukoo mmoja wa Kibantu wanaoandikwa kwa herufi zilezile, haziwezi kutenganishwa kwa amri ya mwalimu.

Faida ya udugu huo ni kubwa kuliko inavyokubaliwa. Mtoto wa Kirundi anapokutana na neno hawakutuambia anakuta mpangilio ambao ulimi wake unaujua tayari, kwa kuwa katika ntibatubwiye ya kwao pia kikanushi hutangulia, kiambishi cha watenda hufuata, na kiambishi cha watendwa huja kabla ya mzizi. Kinachobaki kujifunza ni mahali njeo inapokaa, ambayo katika neno hilo la Kirundi hujitokeza mwishoni mwa kitenzi. Hali ni hiyohiyo kwa ngeli, yaani makundi ya nomino yanayotawala upatanisho wa sentensi, kwani aliyezoea igitabu na ibitabu hahitaji kufafanuliwa sana kwa nini kitabu kinaanguka na vitabu vinaanguka kwa viambishi tofauti. Tena maandishi ya kawaida ya Kirundi hayaonyeshi toni wala urefu wa irabu, hivyo umuryango inaweza kusomwa kama familia au kama mlango, na msomaji wake amekwisha kuzoea kuitazama sentensi nzima kabla ya kuamua. Mazoea hayo ni mtaji.

Hasara iko mahali ambapo maneno yanafanana umbo na kuachana maana, na hapo ndipo toleo hili linapotaka kusimama. Guteka kwa Kirundi ni kupika. Mtoto anayesoma kwamba mama anateka maji kisimani huokolewa na kisima. Anayesoma kwamba mama alichelewa kuteka maji hana cha kumwokoa, kwa sababu sentensi aliyoipata, ya mama aliyechelewa kuweka maji motoni, ni kamili na inaingia akilini. Neno geni kabisa hujitangaza, jicho likasimama juu yake na mkono ukanyooshwa darasani, lakini neno linalofanana na la nyumbani hupitwa bila shaka yoyote. Mtoto huyo atasoma kwa sauti bila kukosea hata silabi moja, na mwalimu atamsifu. Ila akiombwa kuchora alichokisoma, mafiga na kuni ndivyo vitakavyotokea kwenye karatasi.

Kosa la maandishi, kama la kuandika kurara badala ya kulala kwa kuwa Kirundi hutumia r pale Kiswahili kinapoweka l, ni jepesi kwa kulinganisha, kwani linaonekana na husahihishwa siku hiyohiyo.

Kuhusu kujifunza maneno mapya, Judith Kroll na Erika Stewart walieleza mwaka 1994 kwamba neno la lugha ya pili huanza kwa kufungamanishwa na neno la lugha ya kwanza, na hufikia maana moja kwa moja kadiri umilisi unavyokua. Kumkataza mtoto Kiha darasani ni kukata njia hiyo kabla hajapata nyingine. Wengine hutegemea muktadha ufanye kazi peke yake, lakini utafiti wa Marcella Hu na Paul Nation wa mwaka 2000 ulionyesha kwamba msomaji huhitaji kuyajua takriban maneno 98 katika kila 100 ili aelewe matini bila msaada, na darasa lenye vitabu vichache halimpi mtoto nafasi ya kukutana na neno lilelile mara nyingi kiasi cha kulikamata.

Ni maoni ya jarida hili kwamba Kiswahili, ambacho kimekuwa lugha ya kufundishia shule za msingi za Tanzania Bara tangu mwaka 1967, hakipungukiwi kitu mwalimu wa Kakonko anapotumia dakika mbili kueleza kwa Kiha tofauti ya kuteka na kupika. Kinachokosekana ni orodha ya maneno hayo yanayofanana umbo na kuachana maana, nayo haiwezi kuandikwa na mtu aliyeketi Dar es Salaam. Itapatikana kwenye madaftari ya wanafunzi wa Kibondo, Kakonko na Kasulu, ikikusanywa na walimu wenyewe, wakiwamo waliotoka Lindi au Tanga ambao hawana namna ya kutambua kwamba neno jepesi kwao ndilo linalowapotosha watoto walio mbele yao.